Jamani, msibane faili lililokwisha kubanwa!

Hivi wanakwaya wenzangu wa Kigoma, nani katuroga? Tunarekodi vizuri nyumbani, madirisha yamefungwa, feni imezimwa, hata jogoo wa jirani kafukuzwa. Faili la WAV, yaani sauti nzima isiyobanwa, linatoka safi. Stirio ya kawaida, dakika moja ni kama MB 10, kwa hiyo wimbo wa dakika tano ni MB 50. Zito, sawa! Basi libane, yaani lipunguze ukubwa, mara moja tu liwe MP3 ya kbps 128 (kilobiti 128 kwa kila sekunde ya sauti), libaki kama MB 5, yaishe.

Wapi! Huyu analibana, anamtumia yule. Yule naye analibana tena "liwe jepesi". Wa tatu analishusha hadi kbps 32! Likifika Ujiji, soprano wanasikika kama wanaimba ndani ya pipa, na kayamba ni mchakacho mtupu. Halafu mtu analigeuza kuwa WAV tena, eti sauti irudi. Irudi kutoka wapi? MP3 hutupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa kimetupwa! Utapata faili kubwa, sauti ileile mbovu, na bando limekwisha.

Na ile WAV ya kwanza iko wapi? Imefutwa! Eti inajaza kompyuta. Jamani, flashi hatuna?