Barafu chini ya chuma: mgandamizo unayeyusha kiasi gani?

Shuleni tuliambiwa kwamba anayeteleza barafuni kwa viatu vyenye bapa jembamba la chuma chini huibana barafu kwa uzito wake, ikayeyuka, naye akapita juu ya utando mwembamba wa maji ambao huganda tena akishaondoka. Niliyapenda maelezo hayo, na kwa miaka mingi sikuyapigia hesabu.

Kanuni yenyewe haina shaka. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, ndiyo maana chupa iliyojaa hupasuka kwenye friza. Ukiibana barafu unaisukuma irudi kwenye hali inayochukua nafasi ndogo, yaani maji. Nta ni kinyume chake: ukiibana, inataka joto zaidi ndipo iyeyuke. James Thomson alilikokotoa jambo hili kwa barafu mwaka 1849, na mwaka uliofuata mdogo wake William, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, akalipima na kukuta hesabu ya kaka yake ni sahihi.

Shida iko kwenye kiasi. Ili kiwango cha kuyeyuka kishuke kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi, unahitaji mgandamizo wa mara 130 hivi ya ule wa hewa inayotuzunguka. Chukua mtu wa kilo 70 aliyesimama kwa mguu mmoja, chuma kikigusa barafu kwa upana wa milimita 4 na urefu wa sentimita 20. Anabana karibu kilo 9 kwa kila sentimita ya mraba. Kiwango kinashuka kwa nyuzi 0.06 hivi, ilhali barafu ya viwanjani huwa nyuzi kadhaa chini ya sifuri.

Watetezi wa maelezo ya zamani wana jibu, na si la kupuuzwa. John Joly alisema mwaka 1886 kwamba chuma hakigusi barafu kote, bali sehemu ndogo sana, na hapo mgandamizo huwa mkubwa. Yeye alifikia nyuzi 3.5. Sawa. Lakini hata hilo lina mwisho. Kwenye mgandamizo wa mara 2,000 hivi ya hewa, kiwango hufika nyuzi 22 chini ya sifuri. Ukizidisha, barafu hubadili mpangilio wake wa ndani na kiwango huanza kupanda. Na watu huteleza kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri.

Wengine husema ni joto la msuguano, kama Bowden na Hughes walivyoonyesha mwaka 1939. Linasaidia, ila halimwelezi mtu anayeteleza akiwa amesimama tuli. Mimi naegemea wazo la Michael Faraday, la mwaka 1850: uso wa barafu una utando unaofanana na maji hata usipobanwa. Molekuli za juu kabisa hazina wenzao wa kuzishika kwa juu, kwa hiyo zimelegea.

Nililijaribu jambo hili jikoni. Niligandisha maji kwenye kopo, nikaiweka barafu juu ya stuli mbili hadi ikaanza kutoka jasho, kisha nikapitisha juu yake waya wa shaba na mshipi wa kuvulia wenye unene uleule, kila mmoja ukining'iniza matofali mawili. Waya ulizama taratibu. Mshipi ulikuwa bado juu juu. Uzito ni mmoja, kwa hiyo si mgandamizo peke yake: shaba hupitisha joto, nailoni haipitishi vizuri. Lakini nyuma ya waya barafu ilijifunga tena, na hiyo ni kazi ya mgandamizo kabisa. Kwa nini tuwafiche wanafunzi nusu ya habari?

Mahali ambapo mgandamizo una uzito kweli ni Antaktika. Chini ya karibu kilomita 4 za barafu kuna ziwa Vostok, ambalo maji yake hayagandi ingawa yako karibu nyuzi 3 chini ya sifuri. Joto la ardhi linayapasha kutoka chini, na mzigo wa juu umeshusha kiwango. Kibo, kule Kilimanjaro, barafu nene kabisa ni ya mita 50 hivi. Uzito huo unashusha kiwango kwa nyuzi 0.03 tu. Kinachoimaliza ni jua na hewa kavu, na sehemu kubwa yake hugeuka mvuke bila hata kupitia kwenye maji.