Miaka 17 kwenye barafu: sheria inamlinda nani?

Desemba 2005, Mao Asada wa Japani, mchezaji wa kuteleza kwa madoido kwenye barafu (figure skating), alitwaa taji la fainali ya Grand Prix, mfululizo wa mashindano makubwa ya mchezo huo, akiwa na miaka 15, akimwacha nyuma Irina Slutskaya, bingwa wa dunia wa mwaka huo. Olimpiki ya Turin ilipofika miezi miwili baadaye, hakuruhusiwa kushiriki. Sheria ilimtaka awe ametimiza miaka 15 kabla ya tarehe 1 Julai 2005, naye alikuwa amechelewa kuzaliwa, kwa muda usiofika hata miezi mitatu.

Miaka mingi baadaye Mjapani mwingine, Mao Shimada, ambaye wazazi wake walimpa jina la Asada, yamemkuta yale yale. Ametwaa ubingwa wa dunia wa vijana mwaka 2023, 2024 na 2025. Ila sheria ilimtaka awe ametimiza miaka 17 kabla ya tarehe 1 Julai 2025, naye aliitimiza Oktoba 30. Olimpiki ya Milano ikampita.

Miaka hiyo 17 ilipitishwa Juni 2022 na shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISU. Awali ilikuwa 15. Kura zilikuwa 100 kwa 16, na si ajabu. Miezi michache kabla, kwenye Olimpiki ya Beijing, dunia nzima ilimtazama Kamila Valieva wa Urusi, mtoto wa miaka 15, akianguka tena na tena huku sakata la dawa zilizopigwa marufuku likimwandama. Baadaye alifungiwa miaka minne. Watu wazima waliomzunguka? Adhabu iliyotikisa michezo ilimwangukia yeye.

Wala hakuwa wa kwanza kuumia. Yulia Lipnitskaya alisaidia Urusi kupata dhahabu ya timu katika Olimpiki ya Sochi 2014 akiwa na miaka 15. Akiwa na 19 alishastaafu, akisumbuliwa na ugonjwa wa kujinyima chakula. Alina Zagitova, bingwa wa Olimpiki wa 2018 akiwa na miaka 15, alisitisha kushiriki mashindano akiwa na 17.

Hapo mtetezi wa sheria ana hoja nzito. Mwili mwembamba wa msichana ambaye hajapevuka huzunguka kwa kasi zaidi hewani, na mfumo wa alama huilipa vizuri mizunguko hiyo. Kocha anayetaka medali atamtafuta mtoto, amtumie misimu miwili mitatu, kisha aje mwingine. Ukipandisha umri, biashara hiyo inapungua faida.

Inapungua, haifi. Mashindano ya vijana bado yanaanzia miaka 13, na humo wasichana wanaruka na kuzunguka hewani mara nne. Mazoezi hayamsubiri mtu atimize 17. Kinachosubiri ni kamera za Olimpiki. Mimi ningeanza na alama na vyakula vya wachezaji kabla ya cheti cha kuzaliwa.

Kisha kuna Alysa Liu wa Marekani, anayewatatiza wanaoitetea sheria na wanaoitilia shaka. Alikuwa bingwa wa taifa akiwa na miaka 13, mwaka 2019. Alikwenda Beijing akiwa na 16, akashika nafasi ya sita, akapata shaba ya dunia, na mwezi uliofuata akastaafu. Alikuwa amechoka. Anayetaka sheria kali atasema: mnaona? Lakini mwaka 2024 alirudi, safari hii yeye mwenyewe akiamua muziki, mavazi na ratiba, na Machi 2025 akawa bingwa wa dunia mjini Boston akiwa na miaka 19. Kabla yake, Mmarekani wa mwisho kulipata taji hilo la wanawake alikuwa Kimmie Meissner, mwaka 2006.

Kilichobadilika kwa Liu, kwa maoni yangu, ni nani aliyekuwa na neno la mwisho, na hilo halimo katika kifungu chochote cha umri. Shimada atakuwa na miaka 21 Olimpiki ya 2030 itakapofanyika katika milima ya Alpi ya Ufaransa. Kama atafika huko mzima, itategemea zaidi wanaomfundisha sasa kuliko kura zile 100.