Kampuni ya bima ikivujisha taarifa zako: kushitaki, kulalamika au kukaa kimya?

Barua za kampuni za bima baada ya kudukuliwa hufanana sana. Aya ya kwanza inasema usalama wa taarifa za wateja ndicho kipaumbele chao. Ya pili inaeleza kuwa kumegunduliwa "tukio" na wataalamu wameshaitwa. Ya tatu inasema hadi sasa hakuna ushahidi kwamba taarifa zako zimetumiwa vibaya. Mwishoni unapewa namba ya simu ya kupiga na pengine huduma ya bure ya kufuatilia kumbukumbu zako za mikopo kwa mwaka mmoja au miwili. Ukimaliza kusoma hujui kama umeumizwa au umeponea chupuchupu. Sheria nayo inahangaika na swali hilohilo: mtu aliyeibiwa taarifa huku fedha zake zote bado zipo benki, anadai nini hasa?

Jibu ni gumu zaidi kwa bima kuliko kwa biashara nyingine. Kadi ya benki ikiibwa hufungwa na kutolewa mpya. Lakini hakuna ofisi inayoweza kukupa tarehe mpya ya kuzaliwa, wala kufuta ugonjwa uliotibiwa miaka kumi iliyopita. Faili la bima ya afya lina majina ya watoto, dawa unazotumia na hospitali ulizolazwa. La bima ya maisha linaonyesha nani atarithi nini siku ukifa, na wakati mwingine nani hatarithi.

Mwaka 2022 wadukuzi waliingia Medibank, kampuni kubwa ya bima ya afya ya Australia, wakachukua taarifa za wateja milioni 9.7, wa sasa na wa zamani. Kampuni ilipokataa kulipa kikombozi, walianza kumwaga taarifa mtandaoni kwa mafungu. Fungu mojawapo lilikuwa la watu waliowahi kutoa mimba. Aliyejikuta kwenye orodha ile hakupoteza hata senti moja. Ukipima madhara kwa risiti tu, mtu huyo hana kesi. Kipimo cha namna hiyo kina kasoro kubwa, na bado mahakama nyingi zinakitumia au zinakikaribia.

Marekani ndiko mlango ulikobanwa zaidi. Katika kesi ya TransUnion dhidi ya Ramirez mwaka 2021, kampuni ya kumbukumbu za mikopo iliwawekea watu 8,185 alama ya uongo kwamba huenda wamo kwenye orodha ya serikali ya magaidi na wauza dawa za kulevya. Mahakama ya Juu iliona kuwa watu 1,853, ambao alama hiyo ilikuwa imeshafika kwa wafanyabiashara, wana haki ya kudai fidia. Waliobaki, ambao uongo ulikuwa bado umelala kwenye faili, waliambiwa hawajapata madhara halisi. Tangu hapo mawakili wa kampuni zilizodukuliwa huipeleka hukumu hiyo mahakamani kama ngao: taarifa zimeibwa, sawa, lakini tuonyeshe aliyezitumia.

Uingereza nayo iliweka kikwazo mwaka huohuo katika kesi ya Lloyd dhidi ya Google. Mahakama ya Juu ilikataa mtu mmoja kudai fidia kwa niaba ya mamilioni ya watumiaji wa iPhone bila kuthibitisha kila mmoja aliumizwaje. Kwa mteja wa kawaida maana yake ni kwamba dai dogo halibebeki, kwa sababu gharama ya kulithibitisha inalimeza.

Ulaya imekwenda njia nyingine. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema Mei 2023, katika kesi dhidi ya posta ya Austria, kwamba kuvunjwa kwa sheria peke yake hakuleti fidia, lakini pia hakuna kiwango cha chini cha maumivu ambacho mdai lazima akifikie. Desemba mwaka huo ikaja kesi ya mamlaka ya kodi ya Bulgaria, iliyokuwa imedukuliwa. Mahakama ikasema hofu ya kweli kwamba taarifa zako zitatumiwa vibaya baadaye inaweza kuwa madhara yanayolipwa. Ikaongeza jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko hilo: anayetakiwa kuthibitisha kwamba ulinzi ulitosha ni aliyekuwa anazitunza taarifa. Mteja hawezi kujua seva za kampuni zilifungwaje. Kumtwisha yeye ushahidi huo ni kumnyima haki kabla hajafika mahakamani.

Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 imeelekea huko pia. Inataja wazi kwamba madhara yanayodaiwa fidia si ya fedha tu, hata fadhaa imo. Nchi ambayo sheria yake inasema hivyo inampa mwenye bima silaha ambayo Mmarekani hana.

Kampuni za bima nazo zina hoja, na baadhi ni nzito. Zinasema zenyewe zimetendewa uhalifu, hazikuuza taarifa za mtu. Zinasema hakuna mfumo usiodukulika, na kwamba kampuni ikishitakiwa kila inapotangaza udukuzi, nyingine zitajifunza kuficha. Tena fidia hailipwi kutoka hewani. Inatoka kwenye mfuko uleule wa michango ya wateja, ambao ndio unaolipia pia matibabu na ajali. Hoja hiyo ya mfuko siipuuzi. Watu milioni 10 wakilipwa dola 100 kila mmoja, hiyo ni dola bilioni moja, na kampuni ya kawaida inaweza kuanguka, ikawaacha bila bima watu wanaoihitaji kweli.

Lakini hoja ya kutendewa uhalifu inadhoofika ukiangalia wadukuzi waliingiaje. Katika kesi ya Medibank, mdhibiti wa faragha wa Australia alidai mahakamani kwamba mfanyakazi wa kampuni ya nje alihifadhi nywila za kazini kwenye kivinjari chake, zikanakiliwa hadi kwenye kompyuta yake binafsi, na wezi wakazichukua huko. Kwa madai hayo, nywila zile zilitosha kuwaingiza ndani kwa sababu mlango wa mtandao wa kampuni haukudai uthibitisho wa hatua mbili, yaani kithibitisho cha pili juu ya nywila, kama namba inayotumwa kwenye simu. Februari 2024 ikaja zamu ya Change Healthcare, kampuni ya kundi la UnitedHealth la Marekani inayochakata madai ya bima. Mkuu wa UnitedHealth aliliambia Bunge la nchi hiyo kwamba wadukuzi walipita kwenye mlango usiokuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Walioathirika walifika takriban milioni 190. Kampuni ililipa kikombozi cha dola milioni 22 na hata hivyo haikupata uhakika kwamba taarifa zile zimefutwa. Kikinga hicho cha hatua mbili watu wengi wanacho kwenye barua pepe zao binafsi. Kampuni inayotunza magonjwa ya mamilioni ya watu ikikikosa, neno "uzembe" halimwonei mtu.

Basi mteja achague njia gani? Ya kwanza ni malalamiko kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi. Ni rahisi, mara nyingi ni bure, na haihitaji wakili. Mamlaka ina nguvu ya kudai kumbukumbu ambazo wewe huwezi kuzigusa. Kenya inampa Kamishna wa Data siku 90 kumaliza uchunguzi wa lalamiko. Udhaifu wake ni kwamba kwingi faini huenda serikalini. Kampuni ya bima ya Anthem, iliyodukuliwa mwaka 2015 taarifa za watu karibu milioni 78.8, ililipa serikali ya Marekani dola milioni 16, na hakuna hata dola moja ya faini hiyo iliyokwenda kwa mwenye bima. Hata hivyo uamuzi wa mamlaka kwamba kampuni ilikosea ni ushahidi wa thamani kwa atakayeshitaki baadaye, na kwa sababu hiyo peke yake nashauri njia hii itangulie.

Ya pili ni kesi ya pamoja, pale sheria inapoiruhusu. Hapa matarajio yapunguzwe mapema. Anthem ilikubali kutoa dola milioni 115 kumaliza kesi za wateja. Zigawe kwa watu milioni 78.8 na kila mmoja anapata chini ya dola moja na nusu, kabla hata mawakili hawajachukua chao. Wanaozikosoa kesi hizi husema zinatajirisha mawakili. Hilo lina ukweli, ila fidia ya mkononi si faida pekee. Suluhu ya Anthem iliibana kampuni pia kutenga fedha za usalama na kubadilisha namna inavyotunza taarifa. Kampuni inayojua itashitakiwa na watu milioni kwa pamoja hufanya hesabu tofauti na inayojua kila mteja yuko peke yake.

Ya tatu, kesi ya mtu binafsi, inafaa wachache: aliyechukuliwa mkopo kwa jina lake, aliyepoteza kazi baada ya ugonjwa wake kujulikana, aliyeanza kutishwa na watu wenye faili lake. Hawa wasijifungie kwenye kesi ya pamoja bila ushauri, kwa sababu suluhu ya kundi inaweza kufuta dai lao kubwa kwa malipo madogo. Waisome pia mikataba yao ya bima: ipo yenye kifungu cha usuluhishi kinachomzuia mteja kwenda mahakamani moja kwa moja.

Yeyote aliyepokea barua ile, hata asiyetaka kesi, aiandikie kampuni akidai nakala ya taarifa zote inazozishikilia juu yake na maelezo ya zipi zilichukuliwa. Sheria nyingi za ulinzi wa taarifa zinatoa haki hiyo. Ulaya kampuni ina mwezi mmoja wa kujibu. Jibu hilo ndilo linalotofautisha "taarifa zako huenda zimeguswa" na "ripoti yako ya maabara imechukuliwa". Barua, bahasha na barua pepe vihifadhiwe pamoja na tarehe. Risiti za kubadilisha nyaraka zihifadhiwe, na simu za matapeli ziandikwe siku na saa, kwa sababu katika nchi zinazotambua hofu na fadhaa, hivyo ndivyo hofu inavyothibitishwa.

Ile huduma ya bure isikataliwe kwa hasira, lakini masharti yake yasomwe hadi mwisho kabla ya kubofya kukubali. Ukikuta maneno ya kuachilia madai yote dhidi ya kampuni, usiyakubali kabla ya kuonana na mwanasheria. Muulize pia muda wa mwisho wa kufungua shauri, na kama unahesabiwa tangu siku ya udukuzi au tangu siku ulipojulishwa. Kampuni nyingine huchukua miezi mingi kabla ya kutuma barua, na miezi hiyo inaweza kuwa imeshatolewa kwenye muda wako.