Mstari wa maji uliopotea Katuba: ramani zetu zitoke na rangi au nyeusi tupu?

Mwaka jana fundi wa mabomba alinipigia simu kutoka kiwanja kimoja cha Katuba, hapa Lubumbashi. "Shefu, huku hamuna mustari ya mayi." Mimi nilikuwa nimemtumia mwenye nyumba ramani ya nyumba yake, PDF ya rangi, maji nimeyachora kwa njano, na kwenye simu yake yalionekana. Yeye akaipeleka kwenye fotokopi, ikatoka nyeusi na nyeupe kwenye A3, na kwenye karatasi hiyo maji hayakuwepo. Mtaro ulikuwa umeshachimbwa upande usiofaa. Tangu hapo tunabishana, sisi wachoraji wa Lubumbashi, kama tuendelee kutoa ramani za kompyuta kwa rangi au turudi kwenye nyeusi.

Wanaotaka nyeusi si watu wanaoogopa mambo mapya, na hoja yao ina historia. AutoCAD, programu ya kuchora ramani kwa kompyuta, ilipotoka mwaka 1982, mashine za kuchora karatasi zilishika kalamu halisi, na rangi ya mstari kwenye skrini ilikuwa namna ya kuiambia mashine ichukue kalamu ipi. Nyekundu ni namba 1, njano 2, kijani 3. Kalamu hizo zilipotea, desturi ikabaki. Mpaka leo faili lenye mkia wa .ctb linazichukua rangi 255, kila moja likaipa unene wake na wino wake. Ndiyo maana ramani nyingi tunazorithi kutoka ofisi za zamani zina nyekundu isiyohusu umeme wala moto. Maana yake ni "mstari huu uwe mwembamba", basi. Ukiitoa hivyo hivyo kwa rangi, msomaji anapata upinde wa mvua usiomwambia kitu, halafu anaanza kuutafutia maana. Mama mmoja aliniuliza kwa uchungu kwa nini jikoni yake ina ukuta wa zambarau, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Lakini upande wa rangi nao una uzito, tena mkubwa. PDF, iliyozaliwa mwaka 1993, imetuwezesha kumfikia mtu asiye na programu yoyote ya kuchora. Anafungua ramani kwenye simu, anaivuta, na mstari haupotezi ukali kwa sababu umehifadhiwa kama mstari, si kama picha. Weka kwenye chumba kimoja taa, soketi, maji safi, maji machafu na nguzo, vyote vyeusi, uone kama mwenye nyumba ataelewa anacholipia. Kwa rangi anaelewa kabla hujamaliza kueleza.

Na hapa Katanga kuna michoro ambayo nyeusi haiitoshi kabisa. Wanajiolojia wa migodi yetu ya shaba wanaita tabaka mbili za mawe kwa Kifaransa RAT lilas na RAT grises (RAT ni kifupi cha roches argilo-talqueuses, mawe ya udongo na talki): moja ya urujuani, nyingine ya kijivu. Rangi imeingia ndani ya jina lenyewe la jiwe. Sehemu ya mgodi iliyokatwa wima, yenye tabaka hizo na nyingine juu yake, ukiitoa nyeusi tupu unalazimika kuijaza vinukta na mistari ya mshazari mpaka jicho linachoka. Huko sibishani: rangi, na ichapishwe kwa rangi, hata kama ni ghali.

Nyumba ni jambo jingine, kwa sababu safari ya karatasi yake tunaijua. Itapita fotokopi. Na fotokopi haizitendei rangi kwa usawa. Katika hesabu ya kawaida ya kugeuza rangi kuwa kijivu, kijani hubeba 59% ya mwanga, nyekundu 30%, bluu 11%. Njano ni nyekundu na kijani pamoja, yaani 89%, karibu weupe wa karatasi yenyewe. Ndiyo rangi inayong'aa kuliko zote kwenye skrini yenye mandharinyuma meusi, kwa hiyo tunaipenda tukiwa tunachora, nayo ndiyo inayotuponyoka kwenye karatasi. Ongeza kwamba A1 ikipunguzwa kuwa A3 kila kipimo kinakatwa nusu: mstari wa milimita 0.18 unakuwa 0.09. Ule wangu wa Katuba ulikuwa mwembamba na wa njano. Haukuwa na nafasi ya kupona.

Wenzangu wengine wanasema tutoe faili mbili, moja ya simu na moja ya kiwanja. Nimejaribu, nikaacha. Mteja akibadilisha mlango, unarekebisha moja na kuisahau nyingine, na siku zote ile ya zamani ndiyo inayoonekana mikononi mwa fundi. Afadhali faili moja ya rangi ambayo haitegemei rangi peke yake: maji yawe na mistari ya mkatomkato na neno "maji" juu yake, umeme uwe na alama yake, kuta ziwe nene. Njano niliitoa kabisa kwenye mabomba, sasa ni bluu iliyokolea. Hiyo inadai kazi zaidi, sikatai, hasa kwenye faili za zamani ambako kila tabaka la mchoro (layer) linahitaji kupewa upya rangi yenye maana.

Wale wanaochagua nyeusi kwa monochrome.ctb, jedwali linalozigeuza rangi zote 255 kuwa nyeusi, nao wajue haiwakingi kikamilifu. Kitu kilichopewa rangi nje ya zile 255, kwa mfano mjazo wa ukuta uliochaguliwa kwa namba za RGB (kiasi cha nyekundu, kijani na bluu), hakitii jedwali hilo, kitatoka na rangi yake katikati ya weusi.

Siku hizi kabla ya kutuma naichapisha PDF kwenye A3 kwa mashine ya laza ya wino mweusi, naipeleka nje kwenye jua, namwomba mtu asiyeijua ile nyumba anionyeshe kwa kidole maji yanapopita. Akisita, narudi kwenye kompyuta.