Karanga za Kongwa, matikiti yangu

Mwaka 2018 nililima matikiti. Nililima kwanza kwenye simu, kisha shambani, na kule kwenye simu nilivuna vizuri sana.

Hesabu niliikuta kwenye grupu la WhatsApp na mpaka leo naijua kwa moyo. Nafasi ya mita mbili kwa nusu mita, ekari moja inaingia miche 4,000. Kila mche matunda mawili, hayo ni matunda 8,000. Bei ya shambani shilingi 1,000 kwa tunda, milioni nane. Toa gharama, milioni mbili hivi. Siku themanini tu na unabaki na karibu milioni sita mkononi. Akiba nilikuwa nayo, ekari moja ya kukodi nilishaipata bonde la Ruvu, na methali nayo sikuikosa: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama.

Nilivuna matunda 1,100, nikayauza kwa shilingi 400 kila moja. Fanya hesabu mwenyewe, mimi nimeshachoka kuifanya. Nilikuwa nimetumia milioni 2.3.

Baadaye nilijikuta nairudia ile methali kichwani. Methali zetu ni tamu, lakini tazama tunavyozitumia. Anayetaka kusubiri anayo ya kwake: haraka haraka haina baraka. Anayetaka kukurupuka naye hakosi: ngoja ngoja huumiza matumbo. Wahenga hawana kosa, kila moja ina mahali pake. Kosa ni letu tunaozitumia kama muhuri. Uamuzi ukishapita moyoni, ndipo tunaenda kutafuta methali ya kuugongea.

Siku hizi kuna mazungumzo mengi kuhusu vielelezo vya fikra, yaani zile picha fupi za namna dunia inavyofanya kazi ambazo mtu huzibeba kichwani na kuzitumia kupimia jambo lililo mbele yake. Charlie Munger, mshirika wa miaka mingi wa mwekezaji tajiri wa Marekani, Warren Buffett, alitoa hotuba katika Chuo Kikuu cha Southern California mwaka 1994 akasema vielelezo 80 au 90 vinatosha kubeba sehemu kubwa sana ya mzigo wa kuielewa dunia. Mzee huyo alifariki Novemba 2023 akiwa na miaka 99 na namheshimu, lakini yeye kazi yake ilikuwa kusoma. Mimi napanda daladala saa kumi na moja alfajiri. Nina jamaa zangu wanaovikusanya vielelezo hivyo kama watoto wanavyokusanya vizibo vya soda, wanavijua vyote kwa majina, na bado wanamkopesha mtu yuleyule kila mwaka. Kielelezo ambacho unakitaja baada ya uamuzi ni methali tu iliyovaa suti. Kazi yake inaanza pale kinapokuja mapema, kikiwa katika sura ya swali. Na swali linalonisaidia kuliko yote halihitaji akili nyingi: waliofanya jambo hili kabla yangu ni akina nani, na wako wapi leo?

Niwasimulie kilimo cha kwenye karatasi kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kufanyika nchini kwetu, maana huwa tunadhani ni ugonjwa wa vijana wenye simu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company akatoa wazo: tulime karanga Afrika Mashariki kwa mashine. Serikali ikatuma ujumbe chini ya John Wakefield, ambao ulizunguka na kurudisha ripoti katika muda usiofika miezi mitatu. Ripoti ilizungumzia zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi Tanganyika, nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, Ugogo, na baadaye Urambo na Nachingwea. Matrekta hayakutosha, yakatafutwa mabaki ya jeshi, mpaka vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Vichaka vya Kongwa vikawa vigumu kuliko ilivyodhaniwa, mizizi ikavunja majembe. Udongo ulikuwa na mfinyanzi mwingi, jua likiupiga unakuwa sakafu, na karanga ni zao linalozaa chini ya ardhi. Hebu fikiria kuing'oa karanga kwenye sakafu. Halafu mvua ikafanya yale ambayo mvua ya Ugogo hufanya siku zote, ikaja ilivyotaka.

Mpango ukapunguzwa, ukapunguzwa tena, na Januari 1951 ukafutwa. Paundi karibu milioni 36 zilikuwa zimekwenda. (Bandari ya Mtwara ni mtoto wa mpango huo, ilijengwa ili kusafirishia karanga za Nachingwea ambazo hazikuja. Leo inasafirisha korosho. Kwa hiyo hata hasara huzaa kitu, ila hakuna mtu anayepanga hivyo.)

Watu wengi husimulia kisa hiki ili kuwacheka wakoloni, na kucheka ni haki yetu. Mimi kinachonisumbua ni kwamba Wagogo walikuwa palepale. Miaka isiyofika thelathini kabla ya hapo walikuwa wamepita katika njaa kubwa ya 1917 hadi 1920, ile iliyoitwa Mtunya. Walilima uwele na mtama na kufuga ng'ombe, na kila kitu katika mpangilio huo kilikuwa jibu la swali la mvua. Mtu angeweza kuisoma nchi ile kwa kuangalia tu chungu kilichokuwa jikoni. Tena Wakefield mwenyewe hakuwa mgeni, aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Maarifa yaliyohitajika hayakuwa mbali wala hayakuwa siri. Yalikosa mtu wa kuyaita mezani.

Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alisimulia kisa chake mwenyewe kinachofanana na hiki. Alikuwa katika timu ya kuandika mtaala wa kufundisha uamuzi katika shule za sekondari za Israeli. Siku moja akamtaka kila mwenzake aandike kwenye karatasi kazi itachukua muda gani. Majibu yote yakawa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili na nusu. Kisha akamgeukia mtaalamu wa mitaala aliyekuwa miongoni mwao: timu nyingine kama yetu unazozijua, zilichukua muda gani? Yule bwana akawaza, akakiri kwamba karibu asilimia 40 hazikumaliza kabisa, na zilizomaliza zilitumia miaka saba hadi kumi. Wakaendelea hivyohivyo. Kazi ilikuja kukamilika miaka minane baadaye, na mtaala haukutumika.

Mimi ninayemfikiria sana ni yule mtaalamu. Dakika chache kabla, naye alikuwa ameandika takribani miaka miwili kama wenzake. Jibu la kweli lilikuwa kichwani mwake wakati mkono wake unaandika jibu jingine.

Mimi mtaalamu wangu alikuwa shemeji. Kaka wa mke wangu alilima matikiti misimu miwili kabla yangu, akaacha, na tulikula naye pilau ya Idd wiki mbili kabla sijapanda. Sikumuuliza. Ukweli wenyewe ni kwamba niliogopa atanivunja moyo, na mtu akishaogopa kuuliza swali, jibu lake analijua tayari. Nilipomwuliza, nikiwa nimeshapata hasara, alicheka mpaka akashika ubao wa mlango. "Shemeji, kwani yale matikiti ya kwenye grupu wewe umeyaona kwa macho?" Wale watu wa kwenye grupu waliokuwa wakituma picha za mafuso yamejaa ni wale waliopata. Waliokosa walijitoa kwenye grupu kimyakimya, kama nilivyojitoa mimi, na orodha ikabaki safi kwa ajili ya mgeni anayefuata.

Ile hesabu nayo nilikuja kuirudia nikiwa na kalamu. Ilikuwa sahihi kila mstari. Tatizo lilikuwa kwamba kila mstari ulikuwa na "kama" iliyofichwa: kama miche yote itashika, kama pampu haitaharibika, kama ukungu hautaingia, kama nzi wa matunda watadhibitiwa, kama bei itakaa palepale. Chukulia kila moja ina uwezekano wa asilimia 80, ambao ni mzuri kabisa kwa shamba. Zidisha mara tano. Unabaki na asilimia 33. Yaani hata mambo yote yakiwa na nafasi nzuri, kukutana yote kwa pamoja ni bahati ya mmoja kati ya watatu. Karatasi ilikuwa imeniuzia siku moja nzuri kama vile ndiyo siku ya kawaida. Na bei hata hiyo asilimia 80 haikuwa nayo, kwa sababu wote tuliosoma grupu lile tulipanda mwezi uleule. Dalali aliniambia bila huruma: "Bosi, mwezi huu kila mtu ana tikiti."

Lakini kosa lililoniuma zaidi nililifanya wiki ya tano. Ukungu ulikuwa umeshika nusu ya shamba, na kufikia hapo nilikuwa nimetoa milioni 1.4. Kijana wa shamba akasema dawa na mbolea ya kumalizia ni laki tisa. Nikalipa. Na muhuri nikaupata papo hapo: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Swali nililopaswa kujiuliza ni kama ningekuwa mpita njia ambaye hajaweka hata senti, ningelinunua shamba hili leo kwa laki tisa? Nisingelinunua hata kwa laki mbili. Milioni 1.4 ilikuwa imekwenda, nilipe nisilipe. Wale wa Kongwa walikuwa na wahasibu na mawaziri, nami nilikuwa peke yangu na kijana mmoja mwenye pampu ya mgongoni, lakini tulitembea njia moja.

Nisieleweke vibaya. Swali la "waliotangulia wako wapi" lina upande wake mbaya, na nimeuona. Ukilishikilia peke yake hutafungua hata genge la nyanya, kwa kuwa waliofunga magenge ni wengi kuliko walio nayo. Kuna rafiki yangu amekuwa hodari wa kupata sababu za kutofanya, akajiona ana busara, na miaka inapita. Dawa niliyoipata ni kuliacha swali hilo liamue ukubwa, lisiamue kama nitafanya au la. Ningeanza na robo ekari, ningejifunza yote niliyojifunza kwa fedha isiyofika laki sita. Kongwa nao wangeweza kuanza na shamba la majaribio misimu miwili mitatu, wakaona udongo unavyokauka. Walikuwa na haraka, Waingereza walitaka mafuta.

Mwezi uliopita mdogo wangu wa kike alinipigia akiwa na furaha. "Kaka, nataka kuchukua bajaji, nimpe kijana aendeshe." Hesabu alikuwa nayo tayari: elfu ishirini kwa siku, mara siku thelathini, laki sita kwa mwezi. Nikaisikia sauti yangu ya 2018. Sikumpinga. Nilimwuliza tu, watu unaowajua wewe mwenyewe walionunua bajaji wakawapa madereva, ni wangapi, na bajaji zao ziko wapi leo?

Simu ikawa kimya kidogo. "Jirani hapa kaiuza. Yule dada wa saluni, yake iko gereji tangu Pasaka. Mzee wa duka bado anayo." Akanyamaza tena. "Ila yeye anaendesha mwenyewe."

Siku mbili baadaye akapiga kuuliza leseni ya bajaji inachukua muda gani kupatikana. Mumewe, alisema, bado hajaambiwa.