Helmeti Ukweni

Mjomba wangu anaishi Marseille, anasambaza vifurushi kwa pikipiki, na kila akija Tanga likizo anakuja na sheria za huko kama wengine wanavyokuja na manukato. Safari hii alizileta ndani ya helmeti mbili nyeusi zenye spika upande wa masikio, kipaza sauti kilichovikwa sponji mbele ya mdomo, na kitaa cha buluu kinachokonyeza pembeni. Dereva anavaa moja, wa nyuma anavaa ya pili, mnaongea njia nzima bila kupayuka.

Mie nilikuwa na hedifoni zangu za waya, nazipitisha chini ya helmeti nikisubiri abiria kijiweni Makorora. Mjomba alizichomoa mbele ya wenzangu.

"Ungekuwa Ufaransa, mjomba, hapa umeshalipa euro mia na thelathini na tano. Na pointi tatu zimeondoka kwenye leseni."

Anajua anachosema, maana ilishamkuta. Tangu tarehe 1 Julai 2015 huko ni marufuku kuchomeka kidude chochote cha sauti sikioni ukiwa unaendesha. Sikio moja au yote mawili, ni kosa. Gari, pikipiki, hata baiskeli. Spika zilizojengwa ndani ya helmeti hazina neno, kwa kuwa hazikuingii sikioni. Euro 135 kwa pesa yetu ni zaidi ya laki tatu, na kwa mji wenye baiskeli nyingi kama Tanga, serikali ingejenga bandari nyingine kwa faini za Ngamiani peke yake. Basi kila kijana aliyepita akipiga pedali na waya masikioni, mjomba alimsindikiza kwa kidole: "Laki tatu na ushei ile inapita!"

Sasa, nilikuwa na posa Pongwe. Barua ilishajibiwa vizuri, kilichobaki ni kikao cha mahari, na familia ikaamua msemaji awe mjomba, ati mtu wa Ulaya anatia uzito. Hakuna aliyefikiri kwamba wakwe wakisikia Ulaya wanaongeza sifuri.

Tukaondoka mie mbele, yeye nyuma na kanzu kaikunja magotini, helmeti zikikonyezana. Kwa sababu ya upepo alipandisha sauti ya mitambo yote miwili hadi mwisho. Tulipoivuka stendi ya Kange tu, mhadhara ukaanza. Hispania hedifoni ni euro 200, na hizi za helmeti wameziruhusu mwaka 2022, tena lazima ziwe zimethibitishwa. California wanakuachia sikio moja uzibe, ukiziba yote mawili una kesi. Uingereza hawana kifungu cha hedifoni chenyewe, lakini polisi akiona muziki umekuzubaisha anakushitaki kwa kuendesha kizembe.

"Na unajua sheria zote hizo shabaha yake nini, mjomba? Usikie honi!"

Wakati huo nyuma yetu kulikuwa na lori la saruji linapiga honi, sijui tangu lini. Nilijua lipo lilipotupita kwa upepo uliotusukuma hadi kwenye majani, na utingo kaning'inia dirishani, mdomo wazi hadi kwenye magego. Alichosema sikukisikia. Mjomba alikuwa ameingia Ujerumani.

Ukweni, kama ada, muoaji haketi kwenye kikao. Mjomba akapiga hodi, akaingia na helmeti kwapani kwa vile aliogopa kuiacha nje, nami nikabaki chini ya mwembe na pikipiki. Nataka kuvua yangu nikasikia: "Karibuni, karibuni, kahawa hiyo." Mjomba hakuzima. Niambieni, nani angevua?

Nikasikia sifa zangu. Kumbe siongei sana. Kumbe sikosi swala ya alfajiri. Kumbe nina shamba la michungwa Muheza, jambo lililonifurahisha kwa kuwa nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza. Nami nilidhani chombo kile ukitaka usikike lazima ubonyeze kitufe, basi nikatulia zangu, na njaa ikanikumbuka. Akapita kijana wa mihogo ya kuchoma, beseni nyuma ya baiskeli.

Ndani, sauti nzito ya mzee: "Sisi hatuuzi mtoto. Lakini desturi ni desturi. Milioni mbili. Kilemba cha baba na mkaja wa mama mbali."

Nje, mie: "Hee! Mbona ghali hivyo? Huu si wa jana huu?"

Kukawa kimya. Nikasema moyoni, mjomba anapiga hesabu.

"Tena umekauka, hebu tazama ulivyopasuka hapa! Basi nipe ule mnene wa pembeni, chukua mia tano, tumalizane."

Yaliyotokea ndani nimesimuliwa na binti mwenyewe, aliyekuwa nyuma ya pazia akiuma kanga. Helmeti ilikuwa imelazwa chali juu ya mkeka, kando ya sinia la kahawa, sauti hadi mwisho, na spika ya ukubwa wa kizibo cha soda haitofautishi "ule" na "yule". Pembeni alikuwa amekaa shangazi yake binti, mama aliyejaaliwa mwili. Watu wote wakamtazama shangazi. Shangazi akaitazama helmeti. Bibi akaanza Ayatul Kursi, na mtu mmoja mwenye akili akaliondoa sinia.

Tanga hii, sifa zetu mnazijua. Mzee wa sauti nzito hakutaharuki, akapiga goti, akainamia helmeti: "Wewe uliyemo humu, ni nani, na umetumwa na nani?"

Sauti ile ilinifikia safi kabisa. Nimeulizwa na mkubwa, nitanyamaza?

"Shikamoo baba. Ni mimi, mkweo. Nimekuja na mjomba."

Watoto walitokea mlango wa uani. Mjomba naye, badala ya kubonyeza kitufe, akasimama kuitetea helmeti: "Wazee wangu, msiwe na hofu, hii inaruhusiwa! Wafaransa wanakataza za masikioni tu!"

Nikaitwa. Niliingia na muhogo mkononi ndani ya gazeti, pilipili ikinitiririka hadi kwenye kiwiko, helmeti bado kichwani. Nikajieleza. Hakuna aliyeniamini mpaka mzee alipoupokea muhogo, akaugeuza huku na huku, akaumega kipande, akatafuna polepole huku sebule nzima ikimsubiri.

"Kweli," akasema. "Wa jana."

Hapo ndipo watu walipocheka, hata bibi, isipokuwa shangazi. Nikadhani yamekwisha. Mzee akamgeukia mjomba, kwa upole ule wa mtu anayekusukumia kiti: "Hebu tufahamishe, huko Ufaransa mtu akikamatwa na vidude vya sauti hulipa ngapi?"

Mtu mwingine angesema hajui. Mjomba wangu akiulizwa sheria hawezi kujizuia: alitaja euro 135, akataja pointi tatu, akaigeuza kwa shilingi bila hata kuombwa. Halafu akashtuka, akaanza kueleza kwamba faini ile ni ya barabarani, na za helmeti haziguswi. Mzee akamsikiliza hadi mwisho.

"Hiyo ni sheria ya barabarani," akasema. "Sebuleni kwangu umeisoma wapi?"

Mahari ilishuka hadi milioni moja na nusu, ila katibu wa kikao aliandika kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri: kilemba cha baba, mkaja wa mama, faini ya kofia laki tatu na nusu. Mjomba akaomba angalau zile pointi tatu zisihesabiwe. Shangazi, aliyekuwa hajatia neno tangu helmeti iseme, akamwambia katibu asifunge daftari bado: na yeye aandikiwe doti mbili za kanga, na muhogo wa leo.