Kupanda huombi kibali, kukata ndo unaomba: sera ya misitu ilivyotufikia huku Nyanda za Juu Kusini

Baba yangu mdogo ana ekari nne za paini kule Mufindi. Miche kanunua mwenyewe, vibarua wa palizi kawalipa mwenyewe, na moto wa mwezi wa kumi ukitokea bondeni anauzima mwenyewe na majirani kwa matawi mabichi. Miaka yote hiyo hakuna mtu wa ofisi yoyote aliyefika hata kumuuliza miti inaendeleaje. Siku alipopata mteja wa magogo ndo akagundua kumbe miti yake ina ndugu wengi, kuna barua ya kijiji, kuna ushuru wa halmashauri, kuna TP, yaani kibali cha kusafirishia mzigo, af kuna geti barabarani linaloitaka hiyo TP kabla mzigo haujafika popote. Alilalamika wiki nzima, sisi tukawa tunamcheka tu.

Ila nikikaa nikifikiria, upande wa pili na wenyewe una hoja. Gogo la paini la baba mdogo na gogo lililoibwa usiku kwenye shamba la serikali likishapanda kwenye fuso utayatofautishaje? Dereva atakwambia yote ya baba mdogo. Karatasi ndo inayotofautisha. Kwahiyo mzee anaona anaibiwa, afisa anaona analinda, na ukiwasikiliza kila mmoja kwa muda wake unatoka unakubaliana na wote wawili.

Huu ugomvi haujaanza jana. Mjerumani alitoa sheria ya misitu 1904, akaanza kuchora mipaka ya hifadhi, ambapo jana ulikuwa unaokota kuni leo ukiingia ni mwizi. Mwingereza akaja na ya kwake 1921, sera yake ikaandikwa 1953, sheria nyingine 1957. Na hapa ndo huwa nawashangaza watu nikiwaambia, ile sheria ya 1957 tuliendelea kuitumia mpaka ikapitishwa Sheria ya Misitu namba 14 ya mwaka 2002, yaani miaka 40 na ushee baada ya uhuru bado tunalinda msitu kwa kitabu cha mkoloni. Bendera ilibadilika, bwana miti na bunduki yake akabaki pale pale.

Kuna watu wakifika hapa wanasema mambo yaliharibiwa na wazungu tu, zamani wazee walilinda misitu bila sheria. Ni kweli nusu. Njombe kuna msitu wa Nyumba Nitu wa Wabena mpaka leo hauguswi hovyo, na Uheheni na Unyakyusa misitu ya matambiko ilikuwepo. Lakini tusidanganyane, ile ilikuwa vipande vidogo na ililindwa na woga, nje ya pale babu zetu walichoma na kulima kama kawaida, tofauti ni kwamba walikuwa wachache na nchi ilikuwa kubwa.

Hoja nzito kabisa ya wanaotaka serikali ishike mpini ni shamba la miti la Sao Hill, kule kule Mufindi. Majaribio ya kupanda pale yalianza 1939, upandaji wenyewe mkubwa ukaja baada ya uhuru hasa miaka ya 70 na 80, na lengo mojawapo lilikuwa kulisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Leo ndo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini. Mafinga isingekuwa Mafinga bila lile shamba, kuanzia mashine za mbao, gereji, mama lishe mpaka nyumba za kupanga, kila kitu kinanuka paini. Na kila ubao wa paini uliojenga nyumba Dar ni mti wa asili mmoja uliopona mahali fulani. Mtu binafsi wa miaka ya 70 asingeweza kupanda kitu kinachovunwa baada ya miaka 25, hana huo uvumilivu wala hiyo hela, serikali iliweza. Hilo lazima tuipe.

Ila Sao Hill hiyo hiyo imefundisha kitu kingine, kwamba msitu wenye hela unakuwa na foleni ya vibali, na kwenye foleni ya vibali mwanakijiji anayepakana na shamba ndo anakaa nyuma kabisa. Yeye anaitwa wakati wa moto.

Sasa 1998 ikaja sera mpya ya misitu, ya kuwashirikisha wanavijiji, na ile sheria ya 2002 ikaipa meno. Wazo lilitoka chini kweli, watu wa Duru-Haitemba kule Babati mwanzoni mwa miaka ya 90 waliomba waachiwe msitu wao waulinde wenyewe, wakaweza. Hapa kwetu Iringa ukaja mradi wa Wadenishi, MEMA, matumizi endelevu ya misitu ya asili, kamati za maliasili zikaundwa vijijini, watu wakafundishwa doria na kuandika vitabu vya mapato. Wanaoikumbuka ile miaka wanaongea kwa furaha sana, posho zilikuwepo, baiskeli zilikuwepo.

Lakini ndani ya lile neno moja "shirikishi" kulikuwa na vitu viwili tofauti kabisa, na nadhani wengi hatukuviona. Cha kwanza ni msitu ulio kwenye ardhi ya kijiji, kijiji kinautangaza kuwa hifadhi yake, kinatoza chenyewe, kinapiga faini chenyewe, na mrahaba hakipeleki serikali kuu. Hata mninga, ambao ukiwa porini tu kwenye ardhi ya kijiji unahesabiwa ni mti wa serikali, ukishakuwa ndani ya hifadhi ya kijiji ni wenu. Mfyome pale Iringa vijijini walianza kukusanya ushuru wao wa mkaa na kuni, na watafiti waliofika waliandika kwamba mapato ya kijiji yalipanda. Cha pili ni usimamizi wa pamoja, yaani msitu ni wa serikali, wewe unasaidia kulinda. Huku milimani misitu mingi ni ya aina hii, misitu ya lindimaji kama New Dabaga Ulang'ambi, haikatwi, chanzo cha mito, sasa hapo kijiji kinagawana nini? Uyoga, dawa, kuni kavu siku mbili kwa wiki. Miaka mingi ikapita hata fomula ya mgawanyo wa faida haijaeleweka huku watu wanapiga doria bure na buti zinaisha.

Kwahiyo ukiniuliza kama ushirikishwaji umefeli nitakuuliza upi. Wenye kitu cha kuuza ulikuwa na uhai, usio na kitu ulikuwa kibarua kisicho na malipo, na mradi ulipoondoka kamati nyingi zikabaki majina kwenye daftari.

Wapinzani wa vijiji wana lao pia na sio la kubeza. Mwenyekiti wa kamati ni shemeji wa mchoma mkaa, faini inapigwa kwa asiye na ndugu, hela ya msitu inaingia kwenye vikao visivyoisha. Ndo maana ilipoundwa TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, 2010 na kuanza kazi mwaka uliofuata wengi walishangilia, wakala mmoja, anayejitegemea, anakusanya kisasa. Miaka ya karibuni askari wake wamekuwa sehemu ya jeshi la uhifadhi, gwanda na saluti. Ukipita sehemu kama Mlima Rungwe unaona maana yake. Kipunji, yule nyani ambaye sayansi ilikuwa haimjui, alionekana kule 2003, na 2009 mlima ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Mnyama wa aina hiyo ukimwacha kwenye kikao cha kijiji asubuhi na bei ya mkaa jioni, atakuwa picha tu kwenye kalenda. Kwa Rungwe mimi niko upande wa gwanda, sifichi.

Tatizo ni hesabu. Tathmini ya taifa ilikuta misitu ya nchi hii ni kama hekta milioni 48.1, na karibu nusu yake iko kwenye ardhi za vijiji. Gwanda za kutosha huko zitatoka wapi? Nenda Chunya uone miombo ilivyo, tumbaku inataka kuni, mji unataka mkaa, na msitu ambao haujatangazwa na kijiji wala haulindwi na serikali ndo unaoondoka kwanza, kimya kimya, bila sera yoyote kuusikia. Pale wilaya ya Tanganyika, Katavi, vijiji vinalipwa hela ya hewa ukaa kwa kuuacha msitu umesimama na tangu 2022 kuna kanuni za hiyo biashara. Mimi bado nina mashaka nayo, bei inapangwa mbali na mkataba ni mrefu, ila angalau imejibu lile swali la New Dabaga kwamba asiyekata anapata nini.

Halafu kuna kitu ambacho naona hakuna sera iliyokipanga vizuri, watu kupanda wenyewe. Kampuni ya TANWAT ilikuwepo Njombe na mashamba yake ya miti ya miwati tangu 1949, ila upandaji wa wananchi ulikuja kulipuka bei ya mbao ilipopanda, Makete, Kilolo, Njombe, Mufindi, walimu, mapadre, mabosi wa Dar ambao hata jembe hawajui. Mradi wa Wafini wa Panda Miti Kibiashara ukaja kuongezea miche bora na vikundi, lakini mbio zilikuwa zimeshaanza. Hakuna kampeni iliyowahi kufanya hivyo, hata "Misitu ni Mali" ya 1980. Hati ni yako, mti ni wako, basi watu wakapanda.

Na wakaharibu pia. Milingoti, yaani mikaratusi, ikaingia mpaka kwenye vinyungu, mabonde ambayo bibi zetu walilima mboga na mahindi ya kiangazi, leo mengine ni makavu, wakati sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka chanzo cha maji usifanye shughuli. Ardhi ya chakula ikauzwa. Na kwa kuwa ada ya shule haisubiri, paini inakatwa na miaka minane, ubao unapinda kabla haujafika Makambako, wenye dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao, wanajua, bei inashuka kwa wote.

Kwahiyo mimi ningelegeza kamba kwa mwenye shamba na kuikaza bondeni. Afisa anayemsubiri baba mdogo getini na TP angemfikia miaka kumi kabla, siku anapanda, amwambie hapa karibu na mto hapana.

Msimu huu baba mdogo kavuna ekari moja na hajarudishia paini, kaweka parachichi. Nikamwambia parachichi nalo lina ushuru wake. Akasema ushuru atalipa, shida yake ni mti ambao anauonea huruma miaka kumi halafu siku ya kuukata anahojiwa kama kauiba.